Saini ya Barua Pepe Haihifadhiki? Jua Kwanza Inakaa Wapi

Kwa wakala wa forodha wa hapa Kigoma, saini ya barua pepe inafanya kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Mteja wa Bujumbura au Kalemie anayesubiri mzigo wake uvuke ziwa huenda hajawahi kumwona wakala kwa macho. Anachokijua ni ile mistari iliyo chini ya barua: jina, cheo, kampuni, S.L.P., namba ya simu. Ndiyo maana saini ikigoma kukaa, malalamiko huja siku hiyohiyo. Mtu ameandika kila kitu, amepanga na nembo, amebonyeza OK, kesho asubuhi anafungua barua mpya, chini ni kweupe. Au imerudi saini ya zamani, ile yenye namba ya mtu aliyekwisha acha kazi, na mteja anapiga simu kwa mtu ambaye mzigo haumhusu tena.

(Nazungumzia mistari hiyo ya chini ya barua, si saini ya kielektroniki ya kuidhinishia mikataba inayotambuliwa na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015. Hiyo ina utaratibu wake.)

Wanaoleta laptopu zao hapa Mwanga, Kigoma mjini, husema karibu wote neno lilelile: "Inakataa kusevu." Mara nyingi haikukataa. Imehifadhiwa, ila mahali ambapo programu wanayoitumia haiangalii. Au imehifadhiwa vizuri kabisa, kisha nakala nyingine ikashuka kutoka kwenye seva, yaani kompyuta ya mtandaoni inayotunza barua, na kuifunika. Kompyuta kushindwa kweli kuandika faili kupo, na nitalieleza hilo mbele, lakini ukianzia huko utamaliza siku nzima ukifuta na kusakinisha programu ambayo haikuwa na tatizo.

Anwani haibebi saini

Wengi wetu tunaamini saini ni mali ya anwani: ukishaiweka mara moja, itakufuata popote utakapoingiza nenosiri lako. Sivyo. Njia mbili za siku nyingi ambazo programu huzitumia kuchukua barua kwenye seva ni POP na IMAP. POP inashusha barua tu. IMAP inaoanisha barua na mafolda, ili ulichosoma kwenye laptopu kionekane kimeshasomwa na kwenye simu. Hakuna iliyotengewa nafasi ya kubeba saini. Saini ni maandishi ambayo programu uliyomo inayabandika kwenye barua kabla hujaituma, na barua ikishaondoka, seva haina habari kipi ulikiandika kwa vidole na kipi kilibandikwa.

Kwa hiyo anwani moja inaweza kuwa na saini tatu: moja kwenye laptopu, moja kwenye ukurasa unaoufungulia Chrome, moja kwenye simu. Hakuna inayozijua zenzake. Mazungumzo huwa hivi:

"Fundi, saini nimeiandika jana, leo haipo."

"Uliiandika wapi, dada?"

"Si kwenye imeli."

"Imeli ya kwenye Outlook, au ile unayoingilia Chrome?"

"Kwani zipo mbili?"

Zipo mbili, na kwa kampuni ndogo zenye anwani za .co.tz ndiyo hali ya kawaida. Kampuni imekodi nafasi kwenye seva ya mtu, na pamoja na nafasi hiyo inapewa ukurasa wa kusomea barua kwenye brauza, ambao mara nyingi ni Roundcube. Ukiandika saini humo itakaa humo. Outlook ya kwenye laptopu haitaiona hata ukisubiri mwaka.

Kama Roundcube ndiyo unayoitumia kila siku, saini inawekwa kwenye "Settings", kisha "Identities", unabonyeza jina lako, unaandika, unabonyeza "Save". Humo kuna mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, ukurasa una muda wake: ukiufungua, ukaenda kunywa chai, ukarudi kubonyeza "Save", unaweza kuambiwa uingie upya na maandishi yote yameondoka. Andika kwanza kwenye Notepad, kisha hamisha. La pili, kwenye "Preferences", sehemu ya "Composing Messages", kuna chaguo linaloamua saini iwekwe lini: kila barua, barua mpya peke yake, majibu peke yake, au isiwekwe kabisa. Mtu akikuta limewekwa hilo la mwisho atasema saini haikuhifadhiwa, wakati imekaa tu bila kazi.

Gmail na kitufe kilichojificha

Saini ya Gmail inakaa kwenye seva za Google. Hilo linarahisisha uchunguzi: ingia kwenye akaunti yako kwa kompyuta nyingine, na kama saini haipo huko pia, basi laptopu yako haina kosa. Usiipeleke kwa fundi.

Sababu inayoongoza ni ya kuudhi. Sehemu ya saini iko katikati ya ukurasa mrefu wa mipangilio, na kitufe cha "Save Changes" kiko chini kabisa, baada ya kuteremka sana. Mtu anaandika saini, anaiona imekaa vizuri kwenye kisanduku chake, anaridhika, anarudi kwenye barua zake. Gmail inamtolea onyo kwamba mabadiliko hayajahifadhiwa, naye analikubali bila kulisoma, kama tunavyofanya na maonyo yote. Na hata aliyebonyeza, kama mtandao ulikata wakati huohuo, hakuna kilichofika. Ukimaliza kuhifadhi, bonyeza F5 ukurasa ujifungue upya, kisha teremka tena uangalie. Ukiiona hapo, imefika.

Ikiwepo hapo na bado haitokei kwenye barua, tazama chini kidogo ya kisanduku, palipoandikwa "Signature defaults". Kuna chaguo mbili, moja la barua mpya na jingine la kujibu au kusambaza. Zikiwa kwenye "No signature", saini yako ipo ila haijapangiwa kazi. Mwenye anwani zaidi ya moja ndani ya Gmail moja achague kwa kila anwani.

Halafu kuna wale wanaoiona kwenye barua mpya lakini hawaioni wanapojibu. Gmail kwa kawaida inaiweka chini ya barua unayoijibu, na sehemu hiyo yote inafichwa nyuma ya nukta tatu. Kwenye sehemu hiyohiyo ya saini kuna kisanduku cha kuweka tiki ili saini ikae juu ya maneno ya barua ya zamani. Kiweke tiki, ubonyeze tena "Save Changes".

Sasa lile la saini kukataliwa kwa kuwa ni ndefu mno. Gmail inaruhusu herufi 10,000. Mtu mwenye mistari mitano anashangaa: hata ukizihesabu zote hazifiki 200! Lakini zinazohesabiwa si herufi unazoziona. Ukinakili saini kutoka Word, nyuma ya kila neno inakuja mizigo ya maelekezo: aina ya mwandiko, ukubwa, rangi, nafasi kati ya mistari, na mitindo ambayo Word inaibeba kwa mazoea hata kama hujaitumia. Jina moja la rangi ya bluu linaweza kuja na aya nzima ya maelekezo yasiyoonekana. Weka na jedwali la kupangia nembo upande wa kushoto, hapo mambo yanakuwa makubwa. Dawa ni kubandika kwa Ctrl+Shift+V, ambayo inaleta maneno matupu, halafu rangi na herufi nene unaziweka humohumo Gmail. Inachosha kidogo, lakini saini iliyotengenezwa hivyo haisumbui tena.

Outlook

Hapa ndipo muda mwingi wa mafundi unapotea, kwa sababu Outlook siku hizi ni jina la programu zaidi ya moja. Kuna ile ya zamani inayokuja na Office, ambayo Microsoft wenyewe sasa wanaiita "classic". Kuna mpya, inayokuja na Windows 11. Kuna ya kwenye brauza. Waliozoea programu ndogo ya Mail ya Windows waliachwa tarehe 31 Desemba 2024, Microsoft ilipositisha huduma yake na kuwaelekeza kwenye Outlook mpya. Juu kulia kwenye Outlook kuna swichi ya kukuhamisha kutoka ya zamani kwenda mpya, na mtu anaweza kuigusa bila kukusudia. Akishahamia, anafungua barua, saini aliyoizoea haipo, na kwake anachojua ni kwamba yumo Outlook ileile.

Tofauti yake ni hii. Outlook ya zamani kwa asili huhifadhi saini kwenye kompyuta, ndani ya folda. Outlook mpya huiweka mtandaoni pamoja na akaunti. Kwa hiyo kabla ya jambo lolote, jua uko kwenye ipi: ukiona neno "File" juu kushoto na mlolongo wa "Options" ndani yake, kwa kawaida uko kwenye ya zamani.

Kwa ya zamani kuna jaribio ambalo ningependa kila mtu wa ofisi alijue, maana linamaliza ubishi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika %appdata%\Microsoft\Signatures kisha Enter. Inafunguka folda. Kila saini ina mafaili matatu yenye jina moja: .htm kwa barua zenye rangi na picha, .rtf, na .txt kwa barua za maandishi matupu. Kama kuna nembo, kuna na folda ndogo ya picha pembeni. Tazama safu ya tarehe, "Date modified". Sasa rudi Outlook, ingia "File", "Options", "Mail", "Signatures", ongeza nukta moja mwisho wa jina lako, bonyeza OK. Rudi kwenye folda utazame saa.

Saa ikibadilika, kompyuta imehifadhi. Usiguse ruhusa, usisakinishe chochote. Tatizo lako ni kitu kinachokuja baadaye kuifunika, au saini haijachaguliwa kuwa ya kutumika. Saa isipobadilika, ndiyo kweli imekataa kuandika.

Tuanze na kufunikwa, maana ndiko kunakochanganya zaidi. Kwa akaunti za Microsoft 365 zenye barua zake kwenye seva za Microsoft, saini sasa huhifadhiwa mtandaoni na kushushwa kwenye kila kompyuta unayoingia. Utaitambua kwa jina la faili: baada ya jina la saini inafuata anwani yako ndani ya mabano. Mtu akibadilisha faili kwa mkono ndani ya folda, au fundi akibandika saini za zamani kutoka kwenye flashi, Outlook ikifunguliwa inaweza kuleta nakala ya mtandaoni na kuweka ya kwake juu. Anayefanya kazi kwenye kompyuta mbili, moja ikiwa na mtandao wa kusuasua, ataona saini inarudi nyuma: kompyuta moja ina ya leo, nyingine bado ina ya juzi. Hapo badilisha saini ndani ya Outlook yenyewe, au kwenye Outlook ya brauza, ukiwa na mtandao wa uhakika, kisha uipe muda kompyuta ya pili ishushe. Ofisi ikiamua haitaki utaratibu huo, anayesimamia kompyuta anaweza kuuzima kwenye rejista ya Windows (hazina ya ndani ya mipangilio yake) kwa kuweka thamani inayoitwa DisableRoamingSignatures kuwa 1, chini ya HKEY_CURRENT_USER\Software\Microsoft\Office\16.0\Outlook\Setup. Kama hujawahi kugusa rejista, mwachie aliyewahi.

Jingine la kufunikwa linatoka kwa wakubwa wa ofisi. Mashirika, na Kigoma tunayo mengi yaliyokuja kwa ajili ya kambi za wakimbizi kule Kasulu na Kibondo, hupenda kila mfanyakazi awe na saini ya sura moja. Wanaweza kuipanga kutoka makao makuu, na ikipangwa hivyo wewe huwezi kuchagua nyingine, unabadilisha, inarudi. Wengine hubandika maandishi kwenye seva baada ya barua kuondoka kwako, kwa hiyo wewe huoni saini unapoandika, na mpokeaji anaiona. Jitumie barua kwenye anwani nyingine uthibitishe. Ikiwa ndivyo, huna cha kutengeneza kwenye laptopu, mwandikie mtu wa kompyuta wa makao makuu.

Na kuchaguliwa: kwenye dirisha lilelile la saini, upande wa kulia, kuna akaunti, saini ya barua mpya, saini ya majibu. Mwenye akaunti mbili huchagua kwa moja, halafu anatuma kwa nyingine. Liangalie hili mapema, halichukui dakika.

Sasa kukataa kwenyewe. Kwanza, kitufe cha "Signatures" kinaweza kuwa kimekufa: ukikibonyeza hakuna kinachotokea, au Outlook inaganda. Mara nyingi hiyo ni laptopu iliyokuja na Office ya duka la mtandaoni la Microsoft (Microsoft Store), kisha mtu akaweka Office nyingine juu yake bila kuitoa ya kwanza. Hizo mbili zinagombania sehemu moja. Ingia kwenye orodha ya programu za Windows, ondoa usiyoitumia, washa kompyuta upya. Ikibaki vilevile, tengeneza Office kwa "Quick Repair". Ile nyingine, "Online Repair", inapakua Office karibu yote upya, kwa hiyo usiijaribu kwa bando la siku la simu.

Pili ni ruhusa. Laptopu ikibadilishiwa diski na mafaili ya mtumiaji yakahamishwa kwa mkono, folda ya saini inaweza kubaki kuwa mali ya akaunti ya zamani. Unaweza kusoma, huwezi kuandika. Bonyeza faili kitufe cha kulia cha kipanya, "Properties", tazama kama "Read-only" ina tiki, uitoe. Kwa folda, kile kisanduku cha "Read-only" huwa kina alama ya mraba hata kompyuta ikiwa nzima, na haimaanishi folda imefungwa; watu wanaitoa, inarudi, wanadhani ni virusi. Kiache. Ruhusa halisi ziko kwenye "Security", na jina lako linatakiwa liwe na "Full control". Diski C iliyojaa nayo inaleta hali hiyohiyo, na hapo Windows yenyewe itakuwa imeanza kulalamika mahali pengine.

Tatu, na hili huwatisha watu zaidi: ukiwasha kompyuta Windows inakwambia umeingizwa kwenye profaili ya muda, yaani si kwenye mafaili na mipangilio yako ya kawaida. Kila utakachobadilisha humo, saini ikiwamo, kitafutika ukitoka. Usihangaike na Outlook. Washa upya kwanza, na ikirudia, profaili yako imeharibika na inahitaji kutengenezwa kabla ya kitu kingine chochote.

Thunderbird, na kompyuta za wengi

Wanaotumia Thunderbird, programu nyingine ya kusomea barua kwenye kompyuta, si wengi, na tatizo lao kwa kawaida ni moja. Kwenye mipangilio ya akaunti kuna kisanduku cha kuandika saini, na chini yake tiki ya kuchukua saini kutoka kwenye faili badala yake. Tiki ikiwepo, ulichoandika kwenye kisanduku hakitumiki. Na kama faili lenyewe lilikuwa kwenye flashi, flashi ikitoka saini inakwenda nayo.

Kwenye steshenari na vyumba vya kompyuta vya shule, mashine nyingi zimefungiwa programu kama Deep Freeze, inayorudisha kila kitu kilivyokuwa kompyuta ikiwashwa upya. Umeme ukikatika na kurudi, saini ya Outlook uliyoandika imeshaondoka. Saini ya Gmail haiguswi na hilo, maana haikuwa humo. Simu nayo ina yake: programu ya Gmail ya simu ina sehemu inayoitwa "Mobile Signature", ya maandishi matupu, inayowekwa kwenye simu hiyohiyo.

Kuhusu kilichomo, maoni yangu ni ya kizamani. Mwongozo wa adabu za mtandao wa mwaka 1995, RFC 1855, ulishauri saini isizidi mistari minne, na sijaona ofisi ya Kigoma inayohitaji zaidi. Nembo ikilazimika, ipunguze kwanza. Picha iliyopigwa kwa simu yenye megabaiti tatu haifai kukaa chini ya kila barua. Na namba ianze na +255. Mteja wa Kalemie akipiga 07 kutoka kwenye laini ya Kongo hakupati.

Limebaki la kupiga Windows upya, yaani kufuta na kuisakinisha tena. Mafundi wengi hukopi Desktop, Documents na Pictures, wanapiga, wanarudisha. Folda ya saini haimo kati ya hizo. Iko ndani ya AppData, ambayo Windows inaificha. Kabla hujampa fundi laptopu, fungua "Options", "Mail", shikilia Ctrl huku ukibonyeza kitufe cha "Signatures", na folda itafunguka yenyewe. Ikopi yote kwenye flashi, pamoja na vile vifolda vya picha. Baada ya kazi irudishe mahali palepale Outlook ikiwa imefungwa, kisha ifungue uchague upya saini ya barua mpya na ya majibu, maana chaguo hilo halikai ndani ya folda.